Mnauliza Injera mwingine yuko wapi, mimi nauliza kazi yake iko wapi

Tangu World Rugby, shirikisho la raga duniani, wapangue sevens, raga ya wachezaji saba, wakabakisha timu nane pekee pale juu, na Shujaa, timu yetu ya taifa ya Kenya, ikajipata daraja la pili pamoja na Marekani, Canada, Uruguay, Ujerumani na Ubelgiji, watu wa raga wakikutana swali ni lile lile, Injera mwingine yuko wapi, yule winga wetu wa zamani, mkimbiaji wa pembeni. Utalisikia kwa wanaojua mchezo na kwa wale walioona fainali moja tu maishani, kwamba timu ingekuwa na winga mmoja wa aina ile sai hatungekuwa tunajiandaa kukutana na Ubelgiji pale uwanja wa Nyayo Februari 14 na 15, 2026. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Mawinga tunao, na wengine wana mbio kuliko yeye. Kitu hatuna, na ambacho huu mfumo mpya umekaribia kukimaliza kabisa, ni kazi yenyewe, yaani ile kazi ya miaka kumi na kitu ambayo Collins Injera aliifanya, kazi yenye ratiba, yenye mechi ngumu karibu kila mwezi, yenye nafasi ya kuharibu Jumamosi hii halafu wikendi ijayo ukarekebisha mbele ya watu wale wale. Ukiifuatilia safari yake vizuri utaona miguu ilikuwa nusu ya hadithi, na pengine ata nusu haifiki.

Kwa sababu kuna kizazi kinamjua kwa jina tu, wacha tupitie haraka. Alizaliwa 1986, akapitia Vihiga, akaingia klabu ya Mwamba, wale Kulabu, na kufikia 2006 alikuwa anavaa jezi ya taifa. Kwao raga ilikuwa shughuli ya nyumba nzima, kakake Humphrey Kayange alikuwa tayari kwa timu na akaja kuwa nahodha (leo ni mwanachama wa kamati ya kimataifa ya Olimpiki, tangu 2021), na ndugu yao mwingine Michael Agevi naye akaichezea Kenya. Msimu wa 2008/09 Injera akafunga trai 42 (trai ni kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), hakuna aliyemfikia duniani mwaka huo, na msimu huo huo Kenya ikaenda Kombe la Dunia la sevens Dubai ikaipiga Fiji 26-7 kwenye robo fainali kabla ya Argentina kutuzima kwenye nusu. Tukaja 2012/13 tukamaliza nafasi ya tano kwa jumla chini ya Mike Friday, bado nafasi bora tuliyowahi kupata, na hapo kati kati ya mwaka tukafika nusu fainali nyingine ya Kombe la Dunia kule Moscow. Halafu ikaja ile Jumapili ya Aprili 17, 2016, Singapore, Kenya 30 Fiji 7, Fiji hao hao ambao miezi michache baadaye walichukua dhahabu Rio, na Injera akatajwa mchezaji bora wa fainali. Mwezi uliofuata, London, akampita Santiago Gómez Cora wa Argentina aliyekuwa na trai 230 na kuwa mfungaji bora wa muda wote wa ule mzunguko wa dunia wa sevens. Mtoto wa Vihiga, juu ya kila mtu aliyewahi kucheza. Alipotundika njumu alikuwa na 279.

Sasa hizo 279 ndizo watu wanazinukuu bila kuzifungua. Trai moja ya winga kwenye sevens inaanzia mbali sana na winga. Uwanja ni ule ule wa watu thelathini lakini mko kumi na wanne, nusu ni dakika saba, na timu iliyofunga ndiyo inapiga mpira wa kuanzisha upya, kwa hivyo kama una mtu wa kuruka na kuunyakua ule mpira hewani unaweza kufunga mara mbili tatu mfululizo wapinzani wasiuguse kabisa. Kenya ya enzi hizo ilikuwa na mtu huyo, Kayange, na ukirudia mechi za miaka ile utaona mara ngapi yeye anaupaa, anaugonga nyuma, mpira unapita mikono miwili, na Injera tayari ameshaanza kukimbia kabla hata kakake hajatua chini. Angalia hapo anapoanzia mbio, maana hakusubiri aone mpira umeshikwa na nani, alijua. Kujua kwa namna hio huwezi kufundishwa kwa kambi ya wiki mbili pale RFUEA, uwanja wa raga wa Ngong Road. Inatoka kwa kucheza na watu wale wale, mwaka baada ya mwaka, dhidi ya Fiji na New Zealand na Afrika Kusini, mpaka unajua fulani akidondosha bega la kushoto anatoa pasi wapi. Hata ule utulivu wake mwishoni, ile kupunguza mwendo kidogo ili beki ajitupe mapema ndio ampite kwa nje, ni kitu alikikosea mara nyingi kabla ya kukipata, na alipata nafasi ya kukikosea kwa sababu kulikuwa na duru nyingine inakuja.

Tufanye hesabu kidogo. Ule msimu wake wa trai 42 ulikuwa na duru nane, kwa hivyo ni kama trai tano na robo kila duru, na huo ndio ulikuwa moto wake mkali zaidi. Kwa kasi hio hio, bila kuumia, bila kuachwa nje, bila msimu mbaya, mtu anahitaji kama duru 53 kufika 279. Baadaye mzunguko ukapanda hadi duru kumi kwa msimu, na Kenya kama timu ya kudumu ilikuwa kwa zote. Leo daraja la pili lina duru tatu, Nairobi, Montevideo na São Paulo, basi. Ukimaliza ndani ya nne bora unapanda kucheza na wale wakubwa duru tatu za mwisho, Hong Kong, Valladolid na Bordeaux. Kwa hivyo kijana wa Shujaa wa leo, akiwa na bahati mbaya anapata duru tatu kwa mwaka, akiwa na bahati nzuri sita. Kwa duru tatu atahitaji karibu miaka 18 ya kucheza kama Injera wa 2009 kila mwaka. Kwa duru sita, karibu miaka tisa ya moto ule ule bila kupoa. Hakuna binadamu anacheza hivyo, hata Injera mwenyewe hakucheza hivyo, wastani wake wa kawaida ulikuwa chini ya hapo na ndio maana ilimchukua miaka mingi. Kwa hivyo mtu akisema rekodi ya Injera haitafikiwa na Mkenya kwa sababu siku hizi hakuna vipaji, mwambie apige hesabu kwanza, maana hata Injera mwenyewe wa miaka 20 akizaliwa upya leo hawezi kufika pale kwa hii ratiba.

Na kama bado unadhani hili ni suala la nani ana kipaji zaidi, angalia aliyempita. Dan Norton wa Uingereza alichukua ile rekodi 2017 na akamaliza na 358. Norton alikuwa mchezaji mzuri sana, sitamnyima, lakini tofauti kubwa kati yake na Injera kwa miaka hio ilikuwa kwamba Norton alikuwa ameajiriwa. Chama cha raga cha England kilikuwa na wachezaji wa sevens wenye mikataba ya kudumu, kazi yao ni hio tu, mazoezi, daktari, mshahara mwisho wa mwezi. Halafu korona ilipokuja, 2020, chama hicho hicho kikakata mikataba yote ya sevens, na sasa jiulize baada ya hapo umesikia Norton mwingine? Hujasikia. England haikuishiwa watu wenye mbio ndani ya miaka mitano, iliacha tu kulipa watu wakae kwenye ile kazi muda wa kutosha kuiva. Kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi. Injera kwa miaka yake amepita mikononi mwa makocha Ayimba, Friday, Treu, Ochieng, tena Ayimba, Simiyu, na bado kulikuwa na Murunga, Feeney, tena Simiyu, na baada ya hapo McGrath na Wambua, kila mmoja na mpango wake na kila mmoja akiondoka na mpango wake. Kwamba mtu alidumu katikati ya hayo yote na kufunga trai 279, hio ndio inashangaza, na naona tunaipa sifa ndogo kuliko inavyostahili kwa kuiita kipaji.

Sasa kuna wanaoutetea mfumo mpya, na hoja zao si za kutupa. Ya kwanza ni pesa. World Rugby hawakuficha kwamba kusafirisha timu nyingi za wanaume na wanawake kuzunguka dunia nzima kulikuwa kunawala fedha, na mzunguko usiojilipa utakufa siku moja na kila mtu ndani yake, bora upunguzwe ukae. Hata Ireland, nchi tajiri ya raga, 2025 walifunga kabisa programu yao ya sevens ya wanaume, kwa hivyo si sisi tu tunaumia. Hoja ya pili ni Nairobi yenyewe. Miaka yote tumekuwa tukishangilia timu kwenye runinga usiku wa manane kwa sababu ya Wellington na Las Vegas, na sasa kwa mara ya kwanza duru ya ule mzunguko inakuja nyumbani, na imekuja kwa sababu ya hili daraja la pili tunalolidharau. Hoja ya tatu, na hii ndio nzito kwangu, inasema kijana wa miaka 20 anajifunza zaidi akishinda fainali dhidi ya Uruguay kuliko akilimwa na Fiji kila Jumamosi mpaka anazoea kufungwa. Kuna kweli hapo. Tulishuka Mei 2023 pale London baada ya Canada kutuchapa 12-7, tukaenda kwenye Challenger, mzunguko wa daraja la chini, tukajipanga, na 2024 Madrid tukarudi. Timu iliyorudi ilikuwa na vijana walioonja kushinda, na ilionekana.

Lakini endelea na hadithi hio hio mpaka mwisho. Msimu wa 2024/25, Shujaa iliyorudi ilihangaika mwanzoni, ikawa inatafuta miguu yake duru baada ya duru, halafu ilipofika Aprili 2025 kule Singapore ikaenda mpaka fainali, Fiji wakatuzuia hapo. Yaani ilichukua karibu msimu mzima wa kugongana na wakubwa ndio timu ikashika. Na hata hivyo zile pointi tulizopoteza mwanzoni zilituacha nje ya nane bora, na walipokata mzunguko ukabaki wa timu nane tukaangukia huku. Sasa fikiria msimu wa duru tatu. Ukichukua duru tatu kupata joto, msimu umekwisha. Ukianza vibaya Nairobi ukafanya nafuu Montevideo, hesabu zako za nne bora zote zimebaki kwa wikendi moja Brazil, na ukikosa hapo unarudi nyumbani mwezi wa tatu kusubiri mwaka mwingine. Wanaosema daraja la pili ni shule nzuri wanasahau kwamba shule ina muhula. Hii ni kama fundi unayemwita mara tatu kwa mwaka halafu unalalamika mkono wake umekuwa mzito.

Kuna kundi lingine linasema tuachane na sevens kabisa, ni mchezo wa maonyesho, dunia inarudi kwa wachezaji kumi na watano, na mfano wanaoutoa ni Zimbabwe. Julai 2025 pale Kampala Zimbabwe waliitoa Namibia 30-28 kwenye fainali ya Afrika na kukata tiketi ya Kombe la Dunia 2027 kule Australia, mara yao ya kwanza tangu 1991, na sisi pamoja na kombe kupanuliwa hadi timu 24 bado tulibaki nje. Inauma, nakubali, na inauma zaidi ukikumbuka kwamba 2018 tulikuwa mechi chache tu kutoka kufuzu pale Marseille tukapoteza zote tatu, kwa Canada, Ujerumani na Hong Kong. Lakini wanaotoa mfano huu wanadhani wanapinga ninachosema na kumbe wanakiunga mkono. Simbas, timu yetu ya taifa ya wachezaji kumi na watano, walipata kuonja kiwango cha juu kila wikendi walipocheza mashindano ya Afrika Kusini 2022 na 2023, wakafungwa, ndio, lakini walikuwa kazini, halafu hio nafasi ikaisha na tukarudi kutegemea Kenya Cup, ligi ya klabu za nyumbani, na mechi chache za kimataifa. Ni ugonjwa ule ule. Ukihamisha kijana kutoka timu ya wachezaji saba isiyo na ratiba ukampeleka timu ya wachezaji kumi na watano isiyo na ratiba, umebadilisha idadi ya watu uwanjani, lakini mazingira yake ya kazi yamebaki vile vile.

Hoja dhaifu kabisa, na kwa bahati mbaya ndio inapendwa zaidi, ni ile ya nidhamu. Eti wachezaji wa siku hizi ni wa pombe na picha, eti Injera na wenzake walikuwa wanaume na hawa ni watoto wa klabu za usiku. Sisemi kila mchezaji ni malaika, hawajawahi kuwa, hata enzi hizo tunazozipamba kulikuwa na visa na kila mtu wa Ngong Road anavijua. Lakini kama nidhamu ndio sababu, basi nielezwe mambo mawili. Kwanza, Mei 2023 hii timu ilishuka daraja, na Septemba hio hio ikaenda Harare ikaipiga Afrika Kusini 17-12 kwenye fainali ya Afrika na kuchukua tiketi ya Olimpiki ya Paris, ikawalazimu Afrika Kusini wapitie mlango wa nyuma kule Monaco, na Afrika Kusini hao ndio waliorudi na shaba ya Paris. Walipata nidhamu ndani ya miezi minne? Pili, Marekani, wenye pesa, wenye kituo cha mazoezi cha Olimpiki, wenye wakimbiaji kama Perry Baker na Carlin Isles miaka yote hio, nao wako huku daraja la pili pamoja nasi. Nao ni pombe? Hii hoja inapendwa kwa sababu ni rahisi, haimgharimu mtu yeyote kitu, inamrushia mchezaji lawama na kuwaacha wakubwa wote wamekaa.

Na kumbukumbu zetu ni fupi kweli. Juni 2018 kule Paris wachezaji walifunika nembo ya mdhamini kwenye jezi kwa sababu walisema pesa walizoahidiwa hazijafika. Watu walikasirika sana na wachezaji, mdhamini akajitoa, kocha akaenda. Msimu uliofuata mgogoro wa mikataba ukafanya wazoefu wengi wakae nje, vijana wakatupwa kwenye maji marefu, tukaponea chupuchupu kushuka. Ukiniuliza timu ilianza kuporomoka lini nitakwambia ilianzia pale, haikungoja London 2023. Kwa sababu pale ndipo mnyororo ulikatika, wale waliokuwa wanajua Kayange anaruka vipi na Injera anaanza mbio lini hawakupata muda wa kukaa uwanjani na wale waliokuwa wanaingia. Kwenye sevens maarifa hayaandikwi mahali, yanakaa kwenye miguu ya watu kumi na wawili, na ukiwaondoa kwa mkupuo mmoja umeondoa kila kitu. Injera alikuja kurudi na akaenda Olimpiki ya Tokyo, tukamaliza wa tisa, na nakumbuka watu wakiuliza huyu mzee bado anafanya nini huko. Alikuwa anafanya kile ambacho wengine hawakupewa nafasi ya kukifanya, kuzeeka ndani ya timu.

Kwa hivyo hili jambo linatupeleka wapi. Mimi naliona kwanza kwa mzazi. Mvulana wa Vihiga au Kakamega mwenye mbio leo, mzazi wake akiuliza hii raga itampeleka wapi, miaka kumi iliyopita ungemwonyesha Injera, ungemwambia kijana atazunguka dunia, ataona Hong Kong, jina litakuwa kubwa, kampuni zitamtafuta. Leo unamwonyesha nini? Duru tatu na posho? Mzazi mwenye akili atamwambia mtoto acheze soka, au akimbie, au asome tu, na hawezi kulaumiwa. Wale wenye maumbo na kasi wataanza kutazama nje mapema zaidi, na hili si jipya, Daniel Adongo alitoka kwa raga akaenda hadi Indianapolis Colts 2013, kwenye futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao alikuwa hajawahi kuucheza, kwa sababu kule kulikuwa na mkataba. Kwenda nje si dhambi na mimi naunga mkono kijana yeyote anayepata klabu. Tatizo ni kwamba klabu ya nje haina deni kwa Shujaa, itamwachia ikitaka, na timu ya taifa inayokusanya watu wiki moja kabla ya safari haiwezi kujenga ule uelewano niliousema.

Pili ni kwa chama chenyewe, KRU. Kila mtu pale sasa anaongea lugha moja, kupanda. Sawa, tupande, lakini kupanda si kipimo cha pekee na kwa mfumo huu hata si kipimo kizuri, kwa sababu unaweza kupanda kwa wikendi moja ya bahati na ukashuka kwa wikendi moja ya mkosi. Kipimo ningependa wakitumie ni mechi, kila mchezaji wa kikosi amecheza mechi ngapi za maana kwa mwaka, na kama jibu ni kumi na tano basi kazi yao ya kwanza ni kumtafutia nyingine thelathini. Hizo mechi zinaweza kupatikana bila kumwomba World Rugby ruhusa. Tuna mzunguko wetu wa nyumbani wa sevens, Prinsloo pale Nakuru, Dala Kisumu, Driftwood Mombasa, Kabeberi ambayo Mwamba wenyewe ndio wenyeji, Christie. Ukienda Driftwood pale Mombasa Sports Club jua likiwa kali mchana utaona raga nzuri kabisa, vijana wa Kabras na KCB na Strathmore wanakatana, na utaona pia kwamba nje ya klabu za Kenya hakuna mtu mwingine wa maana. Kwa nini Uganda isilete timu yake ya taifa kwa kila duru, wako hapo tu Kampala? Kwa nini Zimbabwe wasialikwe, na vikosi vya pili vya Afrika Kusini ambavyo huwa vinatafuta mechi? Safari Sevens imekuwepo tangu 1996, kuna miaka ilikuwa inaleta timu ambazo mtu alikuwa analipa kuziona, na badala ya kuwa sherehe ya mara moja kwa mwaka inaweza kuwa nguzo ya ratiba ya Afrika mashariki na kusini. Itagharimu, najua, lakini basi kutoka Kampala haligharimu kama ndege ya Montevideo.

Na kuna Olimpiki. Tiketi ya Afrika kwa mara tatu mfululizo imekuwa ikiamuliwa kwenye mashindano ya wikendi moja, Johannesburg 2015, Johannesburg 2019, Harare 2023. Tumekwenda Rio tukawa wa 11, Tokyo wa tisa, Paris wa tisa. Mtu anaweza kuangalia hizo namba akasema tumesimama pale pale, mimi naangalia nikaona timu ambayo imeenda mara tatu bila kuwahi kuwa na kikosi kilichokaa pamoja miaka minne na mikataba yake ikaheshimiwa. Atakayecheza Los Angeles 2028 akiwa na miaka 24 ana 22 sai, tayari anajulikana, yuko Kenya Cup au yuko chuo, na kwa ratiba ya sasa kati ya leo na siku hio atapata pengine duru kumi za kimataifa. Injera alipofika Rio alikuwa na karibu miaka kumi ya mzunguko kwenye miguu.

Ndio maana habari za Nyayo kujaa hazinitoshi. Itajaa, Wakenya tunapenda sevens na wikendi ya mwezi wa pili Nairobi haina mvua. Ninachotaka kujua ni pesa ya lango na ya wadhamini wa wikendi hio itaingia wapi, na kama kuna hata mchezaji mmoja wa Shujaa ambaye Machi, baada ya São Paulo, atakuwa na mkataba unaomlipa Aprili, Mei, Juni mpaka msimu ujao uanze. KRU watangaze hilo kabla ya mechi ya kwanza, majina yasitajwe, idadi tu inatosha, wangapi wana mkataba wa miezi 12 na wangapi wanalipwa wakisafiri pekee.